Dokumentari za Rungwe Zinaishia Leipzig

Mwishoni mwa Oktoba, wakati wa tamasha la dokumentari, ukumbi wa upande wa mashariki wa stesheni kuu ya treni hapa Leipzig, Ujerumani, hugeuzwa sinema. Tamasha lenyewe lilianza mwaka 1955. Pale stesheni kiingilio hakuna. Msafiri anavuta begi lake, anakaa, anatazama maisha ya watu wa nchi asiyowahi kufika, treni yake ikikaribia anaondoka. Mara ya kwanza nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na kilichonijia ni stesheni ya TAZARA Mbeya, pale Iyunga alipofanya kazi baba yangu. Ukumbi ule mpana, watu na magunia yao ya mchele wa Kyela, watoto wamelala juu ya vitenge, treni haijulikani itafika lini. Tangu siku hiyo sijaacha kulinganisha.

Niseme kwanza mazuri ya huku, maana wenzetu wengi wakiandika kutoka ughaibuni utadhani wanaishi jangwani. Kazi ya uhakiki wa filamu huku inafanyika. Oktoba Leipzig, Novemba Amsterdam, Februari Berlin. Unavaa beji shingoni, saa tatu asubuhi umeshaingia gizani kwa filamu ya kwanza, usiku unaandika, na mhariri anataka maneno 700 kabla hujanywa chai. Malipo ni madogo, najazia kwa kutafsiri, ila yapo. Filamu ambayo Mbeya ningeitafuta miaka mitano, hapa naiazima maktaba ya mtaani. Kijana wa mitaa ya Mbeya kama Soweto au Mwanjelwa akitaka kuonja ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, inabidi apande basi zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja, ndipo aingie Ngome Kongwe. Nauli hiyo, chakula, mahali pa kulala. Wengi hawafiki, na hilo linaniuma.

Lakini kutazama filamu sikufundishwa Ulaya. Nilifundishwa kibanda umiza cha Mwanjelwa, miaka ya mwanzo ya 2000. Mlangoni lilining'inia blanketi kuukuu, ndani mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Picha ya Kichina, na juu yake sauti ya Lufufu akitufafanulia kwa Kiswahili. Mwezi wa sita baridi ikishuka kutoka Loleza tulibanana mpaka joto la jirani likawa lako. Hakuna aliyenyamaza. Mtu akidanganywa kwenye filamu, banda zima linamwonya. Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa akisimama kabisa, akawageukia watu, akaeleza kwa nini ngumi ile haiwezi kumwangusha mtu mzima. Mhakiki wa kwanza niliyemjua maishani ni yule fundi.

Watazamaji wa huku ni watu wa heshima. Wanakaa kimya hadi jina la mwisho lipite, kisha wanauliza: mlikaa kijijini siku ngapi, wenyeji waliwazoeaje? Ni maswali mazuri. Ila ukumbini hakuna awezaye kusema "hapo si kweli", kwa sababu hakuna aliyetoka huko.

Miaka michache iliyopita niliona filamu ya chini ya saa moja kuhusu akina mama wachuma chai wa Rungwe. Picha zake zilikuwa nzuri sana: ukungu unapanda kutoka bondeni, vidole vinakata majani mawili na kichipukizi, kikapu kinajaa polepole mgongoni. Katikati mama mmoja anaanzisha wimbo kwa Kinyakyusa, wenzake wanaitikia, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanasema ni wimbo wa furaha ya mavuno. Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nikaandika aya nzima, kwa Kijerumani, nikiisifu furaha ile. Baba yangu ni Mnyakyusa, lakini mimi nimelelewa mjini kwa Kiswahili. Zaidi ya kusalimia "ugonile" na kushukuru "ndaga", sina Kinyakyusa cha kutegemewa.

Desemba nikaenda Tukuyu kumwamkia shangazi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikaweka kompyuta juu ya stuli, yeye akaendelea kumenya ndizi huku akitazama. Amechuma chai nusu ya umri wake, kwa hiyo alianza kazi tangu dakika ya kwanza: huyu mkono wake mwepesi, yule anachanganya majani magumu, watamkatalia kwenye mizani. Wimbo ulipoanza, kisu kikasimama.

"Huu wa msibani, baba," akaniambia. "Hawa wanamlilia mtu."

Filamu ile ilikwishapita matamasha kadhaa. Watu wenye shahada za sinema waliitazama, mimi nikiwemo, na jina langu liko chini ya maneno yale. Aliyeisahihisha ni mwanamke wa Tukuyu mwenye sinia la ndizi mapajani.

Ndiyo maana nashikilia kwamba dokumentari iliyopigwa kwetu haijakamilika mpaka itazamwe kwetu, na itazamwe kabla ya kupelekwa kwenye matamasha. Bajeti za filamu nilizowahi kuzisoma zina fungu la tiketi za ndege za mwongozaji, na fungu la mabango. La kuirudisha kijijini sijaliona hata mara moja. Februari 2024, Berlin, niliona inavyokuwa kazi ikishikwa pia na mtu wa nyumbani. Ilikuwa The Empty Grave, kuhusu familia zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na Wajerumani, akiwemo Nduna Songea Mbano aliyenyongwa 1906 wakati wa Maji Maji. Mmoja wa waongozaji wake wawili ni Mtanzania, Cece Mlay. Nilisikia Kiswahili kinasemwa kwa mwendo wake, watu wanapewa nafasi ya kunyamaza kama wanavyonyamaza ndugu wakiwa kwenye jambo zito. Sikuhitaji kusoma maandishi ya chini.

Na tusiambiwe hakuna kumbi. Iyunga ipo. Watu wanasubiri treni pale kwa masaa. Projekta moja, shuka jeupe, spika za kukodi kwa mtu wa harusi, basi. Baba husimulia enzi za sinema za bure, gari linaingia kijijini jioni na mji mzima unabeba viti kwenda uwanjani. Watu walitazama walicholetewa na gari likaondoka. Safari hii nataka gari likae mpaka watu wamalize kusema, na mtu awe na daftari.

Pale Tukuyu shangazi hakuishia kwenye wimbo. Aliniuliza kama wale akina mama wenyewe wameiona. Nikamjibu sidhani. Akafunga kanga yake, akasema kijiji kile anakijua, kesho asubuhi tuchukue bodaboda mbili.

Tukamkuta yule aliyeanzisha wimbo anapalilia maharage. Shangazi akamsalimia kwa kirefu, akaeleza sisi ni akina nani, ndipo tukaingia ndani na watoto wakazuia mwanga wa dirisha kwa kanga. Hakuwahi kuiona. Alitazama ameshika kiganja shavuni, akitaja majina ya wenzake kila walipotokea. Ulipofika wimbo akatuambia kwamba wiki ile walikuwa wametoka kumzika dada yake, na aliyeshika kamera alilijua hilo, ila aliyekuja kutafsiri alikuwa mtu mwingine.

Akaomba turudishe nyuma pale wanapoitikia. Tukarudisha mara tatu.