Upande wa Pili wa Santuri

Baba mdogo alikuwa mtu wa reli. Enzi za Jumuiya ile ya kwanza, kabla haijavunjika mwaka 1977, kazi ilimpandisha na kumshusha kati ya Moshi, Voi na Nairobi, na kila aliporudi alikuwa na santuri mbili tatu kwenye begi, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Nimezirithi zikiwa ndani ya sanduku la mbao, nyingi hazina hata makasha. Nilipozigeuza-geuza mwangani niligundua kwamba karibu zote zimechakaa upande mmoja tu. Upande A umefifia, umekuwa wa kijivu kwa kusuguliwa na sindano. Upande wa pili ni mweusi tii, ungedhani umetoka dukani juzi.

Ule ukijivu ndio unaonijia kichwani kila watu wanapobishana kama ni haki kumwita mtu "mwanamuziki wa kibao kimoja". Miaka ya mwanzo ya sabini imejaa watu wa namna hiyo, hasa Uingereza na Marekani, na wapenzi wa zilipendwa huwataja kwa kicheko fulani, kama mtu anayemtaja mchezaji aliyefunga goli moja maishani. Upande wa pili wako wanaokasirika: huyu bwana alirekodi albamu nyingi, alipiga ala tangu utoto, mbona mnamkata hadi dakika tatu?

Wanaokasirika wana hoja, nami nitaanza na mfano unaowabeba kuliko yote. Manu Dibango wa Kameruni. Mwaka 1972 nchi yake iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, naye akaombwa kutunga wimbo wa mashindano. Wimbo huo wa mpira ukawekwa upande A. Upande B akajaza kitu alichokiita Soul Makossa: saksafoni, besi inayozunguka, na mchezo wa maneno, mama-ko, mama-sa. Kameruni ikamaliza ya tatu nyumbani kwake, na wimbo wa mpira ukaenda na mashindano. Lakini nakala chache za santuri ile zilifika New York, zikaangukia mikononi mwa mcheza santuri David Mancuso, ambaye wacheza dansi wake walikuwa hawaendi nyumbani hadi alfajiri. Santuri ikawa adimu, watu wakaanza kuirekodi upya kwa haraka ili wauze kabla ya mwenyewe. Mwaka 1973 ya Dibango na ile ya kundi lililojiita Afrique zilikuwa kwenye chati ya Marekani kwa wakati mmoja. Ya Dibango ilifika namba 35.

Namba 35, basi. Kwa daftari la Wamarekani, hapo ndipo alipoanzia na hapo ndipo alipoishia. Sasa mwambie hivyo mzee wa Kinshasa anayekumbuka kwamba mwaka 1961 Dibango alikuwa akipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele! Mwambie Mkameruni, au Mfaransa aliyemfuata jukwaani hadi alipofariki kwa korona Machi 2020, akiwa na miaka 86. Wimbo wenyewe haukuishia namba 35 pia: maneno yale yaliibuka mwishoni mwa wimbo wa kwanza wa albamu ya Michael Jackson ya mwaka 1982, ile iliyouza kuliko zote, bila ruhusa ya mwenyewe, na ilibidi wamalizane nje ya mahakama. Mtu wa kibao kimoja kwa hesabu ya nani? Aliyehesabu alikuwa amesimama mbali, akaona kichwa cha kiboko akadhani ni jiwe.

Hata wazungu kwa wazungu jambo hili huwapata. Mungo Jerry, walioimba In the Summertime mwaka 1970, kwa Mmarekani ni kibao kimoja. Vuka bahari hadi Uingereza, utaambiwa mwaka uliofuata walishika tena namba moja. Jina la dharau linakufa njiani.

Ningekuwa wakili wa upande huo ningeishia hapo. Lakini mfano wa Dibango ni rahisi mno, kwa sababu yeye alikuwa jabali. Wengi wa wale wengine hawakuwa majabali, na kuwatetea kwa kusema "kumbe walikuwa na nyimbo nyingine nzuri" ni kujidanganya. Biashara ya wakati ule ilikuwa ya santuri ndogo: bei nafuu, redio inaurusha wimbo wiki mbili tatu, ukikubalika unauza, usipokubalika kesho kuna mwingine. Katika mfumo huo wimbo ulitangulia na msanii akatafutwa.

Angalia Edison Lighthouse. Mwanzoni mwa 1970 wimbo wao, Love Grows, ulikaa namba moja Uingereza wiki tano. Lakini wakati wimbo unarekodiwa bendi yenyewe haikuwapo. Watunzi Tony Macaulay na Barry Mason walikuwa na wimbo mkononi, wakamwita mwimbaji wa studio aitwaye Tony Burrows, na vijana wa kusimama jukwaani wakatafutwa ulipoanza kupanda. Mwaka huohuo sauti ya Burrows ilisikika kwenye vibao vya White Plains, vya Pipkins na vya Brotherhood of Man ya wakati ule. Mwaka 1974 akarudi tena kwa jina la First Class. Fungua orodha yoyote ya wanamuziki wa kibao kimoja utakuta majina hayo yamepangwa kama ndugu wasiojuana, na ukichungulia ndani ni koo la mtu mmoja. Vibao vitano anavyo, jina hana. Hapa sijui tumcheke nani. Nadhani orodha yenyewe.

Carl Douglas naye, mzaliwa wa Jamaika aliyeishi Uingereza, aliingia studio mwaka 1974 kurekodi wimbo mwingine kabisa. Kung Fu Fighting ilifanywa mwishoni, muda wa studio unakaribia kwisha, iwe ya kujazia upande B. Prodyuza wake, Biddu, Mhindi wa Bangalore, hakuwa na matumaini nayo makubwa. Ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Kila kijana wakati ule alikuwa ametoka kumwona Bruce Lee sinema, anarusha mateke uani, na wimbo ukamkuta mguu uko hewani. Je, ni dhuluma kwamba baada ya hapo hatukumfuata Douglas tena? Sioni dhuluma yoyote. Msimu ulikuwa na wimbo wake, tukauimba, msimu ukapita. Msikilizaji hana deni la kukumbuka asichokipenda.

Mimi jambo linalonigusa zaidi ni nani aliyeandika jina lake chini ya wimbo. Burrows alilipwa kama fundi anayelipwa kwa siku. Watunzi walilipwa, na wimbo unaendelea kuwalipa kila unapopigwa. Halafu kuna Norman Greenbaum, Myahudi wa Massachusetts, aliyemwona Porter Wagoner, mwimbaji wa muziki wa country, kwenye televisheni akiimba wimbo wa dini, akaona na yeye anaweza kutunga mmoja. Maneno ya Spirit in the Sky, ambamo Yesu anatajwa kama rafiki, anasema yalimchukua dakika kumi na tano. Mwaka 1970 ulifika namba tatu Marekani na namba moja Uingereza. Baada ya hapo Greenbaum alikuwa mfugaji wa mbuzi wa maziwa huko California, na baadaye akafanya kazi ya upishi. Ukiishia hapo ni hadithi ya kusikitisha. Lakini wimbo aliutunga mwenyewe. Filamu baada ya filamu ziliuhitaji, Waingereza wakaupeleka namba moja tena kwa sauti za watu wengine mwaka 1986 na 2003, na mirabaha ikamfuata mzee kwake.

Timmy Thomas ndiye nimpendaye kuliko wote hao. Mwaka 1972, Miami, ogani, sauti yake na mashine ya ngoma inayogonga kama saa ya ukutani. Hakuna gitaa, hakuna bendi. Anauliza kwa nini tusiishi pamoja, na vita vya Vietnam vilikuwa bado vinaua. Wimbo huo, Why Can't We Live Together, ulifika namba tatu Marekani, na kwenye chati kubwa ya huko Thomas hakurudi tena karibu na hapo. Mwaka 1984 Sade aliuimba katika albamu yake ya kwanza. Mwaka 2015 Drake akachukua ogani na ngoma zilezile akatandika juu yake Hotline Bling, jina la Thomas likiwa miongoni mwa watunzi. Vijana waliocheza ule wimbo walicheza miaka 43 iliyokuwa imelala chini yake.

Huku kwetu hesabu ilikuwa tofauti. Tanzania nyimbo nyingi zilirekodiwa kwenye kanda za Redio Tanzania, na mwanamuziki wa bendi kama NUTA Jazz alikuwa mwajiriwa wa mshahara. Tukakumbuka bendi kwanza, mtu baadaye. Kenya ndiko santuri zilikotengenezwa na kuuzwa, na ndiko tulikompata mtu anayefanana na hao wa ng'ambo: Gabriel Omolo na Apollo Komesha yake. Lunch Time, wimbo wa mwanzoni mwa sabini, unaeleza saa ya chakula cha mchana mjini: kengele imelia, kila mtu anatoka kazini, na yule unayemwona amejilaza uwanjani kama anapumzika, kumbe hana hela ya kula. Ulimpatia santuri ya dhahabu. Omolo alikuwa amepita Equator Sound, na aliimba kwa Kijaluo nyimbo ambazo kwao zilipendwa. Mwambie Mtanzania akutajie wimbo wake wa pili, atakuna kichwa. Mimi mwenyewe nilikuna.

Nakala ya baba mdogo imesuguliwa hadi lebo yake haisomeki vizuri, na ninapoicheza najua sababu. Yeye mwenyewe alikuwa akishinda na njaa mchana ili apeleke hela nyumbani. Shangazi ndiye aliyenisimulia, akicheka.

Wiki iliyopita niliamua kucheza zile pande nyeusi, santuri kumi na nne, moja baada ya nyingine. Kumi na mbili, sindano ya baba mdogo ilikuwa na haki. Moja ina kinanda kitamu kinachoharibikia kwenye kiitikio. Iliyobaki nimeirudia mara nne, na sasa nayo imeanza kukwaruza.