Muuaji Asiyeumwa Mgongo

Sura ya 11 ndiyo iliyonipandisha darini. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilikuwa nafukuza panya.

Huu ni mwaka wa pili naandika riwaya ya fantasia kuhusu muuaji wa kukodiwa. Mwanzoni nilimwita Kivuli. Mke wangu akaniuliza huyu ni Kivuli wa ngapi, maana kila muuaji wa vitabuni ni Kivuli. Sasa anaitwa Msumari. Anaishi katika mji uliochimbwa chini ya mji mwingine, usikofika jua, na mji huo unagombewa na magenge mawili: Wafinyanzi, walioshika biashara ya sumu, na Wakesha, ambao hawauzi chochote ila siri za watu. Usiku mmoja Wafinyanzi wanamlipa Msumari akammalize mkuu wa Wakesha. Usiku huohuo Wakesha wanamlipa akammalize mkuu wa Wafinyanzi. Naye kapokea kotekote, kazi ni kazi.

Katika sura ya 11 analala darini juu ya chumba cha kikao, saa sita nzima, bila kukohoa, na ndipo anaposikia kwamba magenge yote mawili yana bosi mmoja. Sura hiyo niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti mara tatu bafuni, maana bafu letu linatoa mwangwi.

Mke wangu ndiye msomaji wangu wa kwanza, na kwa wakati ule nilidhani wa pekee. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Saa sita?"

"Saa sita."

"Haumwi mgongo?"

"Amefunzwa."

"Na haja ndogo nayo imefunzwa?"

Nikaona hapa bila historia sitoki. Nikamweleza habari za Hassan-i Sabbah, kiongozi wa kundi lililosifika kwa mauaji ya siri, aliyeitwaa ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090, na jinsi watu wake walivyowakosesha usingizi watawala waliokuwa na majeshi makubwa kuliko yake. Nikamwambia kuhusu waziri Nizam al-Mulk, mtu mzito kweli katika dola ya Waseljuki, aliyechomwa kisu mwaka 1092.

"Aliyemchoma alitokea darini?"

"Hapana. Inasimuliwa alivaa kama dervishi, yaani Msufi fukara, akamsogelea kana kwamba ana ombi."

"Kwa hiyo alikwenda kwa miguu yake, watu wanamwona."

Nikamkimbilia Conrad wa Montferrat, bwana mmoja wa Vita vya Msalaba, aliyeuawa mjini Tyre mwaka 1192 akiwa amebakiza kidogo tu kuvikwa taji la Yerusalemu.

"Huyo je?"

"Njiani," nikasema kwa sauti ndogo.

Nikabaki na Japani. Nikamweleza kasri la Nijo kule Kyoto, la karne ya 17, ambalo mbao za korido zake hulia kama ndege mtu akizikanyaga, kwa kuwa vyuma vilivyozishikilia kwa chini husuguana na misumari. Masimulizi yanasema ilikuwa kengele ya kumnasa mvamizi. "Unaona? Watu waliwaogopa wauaji mpaka sakafu ikafundishwa kupiga kelele!"

"Sakafu," akasema mke wangu. "Ya dari hakuna aliyejisumbua."

Kuna kushindwa ambako mtu hunyamaza, akanywea, yakaisha. Mimi kwangu kukanituma kutafuta ngazi.

Jumamosi alipotoka, nikaisimika kwenye korido, chini ya kile kitundu cha kupandia darini. Ngazi yenyewe ni ya kaka yake. Nilimwazima kwa siku mbili, miezi minne iliyopita. Nilivaa nguo nyeusi, ingawa hakuna wa kuniona. Nikajipenyeza, nikatambaa kwa magoti juu ya mbao mpaka usawa wa sebule, nikajilaza kifudifudi: ubao mmoja chini ya mbavu, mwingine chini ya magoti, na katikati tumbo langu likining'inia juu ya jipsamu isiyofika unene wa kidole. Nikabonyeza saa ya simu.

Dakika ya 4, pua ikaanza kuwasha. Dakika ya 9 mguu wa kushoto ukafa ganzi. Vumbi la darini si kama la mezani. Ni laini kama poda, linakaa kwenye kope na ukipumua linakufuata. Dakika ya 17 nikagundua kwamba kuna msumari, wa kweli huu, ambao fundi aliupiga kombo na ncha yake ikachomoza ubavuni mwa ubao, mahali hasa panapopita kiuno changu kila ninapovuta pumzi. Nikaanza kupumua nusunusu. Dakika ya 25 nilishakubali moyoni kwamba mke wangu alisema kweli kuhusu mgongo. Kuhusu haja ndogo nilikuwa bado nabishana.

Dakika ya 31 mlango ukafunguliwa.

"Karibu kaka," nikamsikia mke wangu.

"Ahsante dada. Kumbe ngazi yangu iko hai! Tazama, imesimama hapa kama haina mwenyewe."

"Ichukue kabla hajarudi, maana akirudi atakuomba wiki nyingine."

Nikasikia ngazi ikikunjwa. Nikasikia ikisugua ukuta wa korido, ikatoka kwa mlango wa mbele, ikalazwa kwenye gari. Ilikuwa wakati mzuri wa kusema "jamani, nipo huku". Lakini shemeji akarudi, wakakaa sebuleni chini yangu kabisa, na kichwani nikasema: haya, watu wawili wanaongea, mimi niko darini. Hii ndiyo sura ya 11 yenyewe. Kaa kimya, ujifunze.

"Kitabu amefika wapi?" akauliza shemeji.

Shemeji! Sijawahi kumpa hata ukurasa mmoja. Kumbe ndani ya nyumba yangu kuna genge la pili, na kurasa zinavuja.

"Yuko sura ya 11. Muuaji kalala darini."

"Na Mzee Kope? Bado hajafichuliwa?"

Hapo niwaambie Mzee Kope ni nani. Ni kipofu mmoja muuza mishumaa, anapita pita kwenye kurasa akiomba radhi kwa kujikwaa. Nilipanga afichuliwe sura ya 26, kwamba ndiye bosi wa Wafinyanzi na ndiye bosi wa Wakesha. Hiyo ndiyo siri inayoubeba mwaka wangu wote wa pili.

"Bado," akasema mke wangu.

"Mimi nilimjua tangu sura ya 3. Mji hauna jua, si ndiyo? Kila nyumba inataka mshumaa. Sasa nani anayeingia kwa Wafinyanzi na kwa Wakesha bila kuulizwa?"

"Mimi nilimjua alipotajwa jina tu. Mtu kipofu, halafu anamwita Kope! Anadhani sisi ni nani?"

Wakacheka. Walicheka kwa raha, kicheko cha watu waliokwishacheka jambo hilohilo siku nyingine.

"Lakini usimwambie, kaka. Anaamini kaificha."

"Nitasema nilishtuka."

"Mimi mwenzako nimeshafanya mazoezi ya kushtuka."

Msumari angevumilia. Msumari aliwahi kusikia bei ya kichwa chake mwenyewe na hakupepesa jicho. Mimi nilijisikia tu nikisema, kwa sauti nzito iliyojaa vumbi:

"Sura ya *tatu*?"

Chini pakawa kimya kabisa.

"Dada," akanong'ona shemeji, "dari imesema."

Sikuona kilichofuata, lakini niliusikia mpini wa ufagio ukija. Shemeji wangu ni mtu wa shabaha. Pigo la kwanza lilifika chini ya kitovu changu, nikajivuta. La pili likanifuata nilikojivutia. Goti likatoka kwenye ubao. Jipsamu haitoi onyo. Ilitoa sauti ya boksi linalochanwa, na mguu wangu wa kulia ukateremka sebuleni mpaka pajani, mimi mwenyewe nikabaki juu nimepanda ubao kama mtu aliyepanda punda.

"Nimemkamata!" Shemeji alikuwa ameukumbatia muundi wangu kwa mikono yote miwili na kuning'inia. "Dada, piga simu! Huyu hatoki!"

Mke wangu hakupiga simu. Alikuwa anatazama soksi, ile ya kijani yenye tundu linalotokeza kidole gumba, ambayo ameshaitupa mara mbili na mimi nikaiokota.

"Mwachie," akasema. "Ni wa humu ndani."

Kimya tena. Kisha sauti ya shemeji, yenye adabu zake zote, mguu wangu ukiwa bado kifuani pake:

"Shemeji?"

"Naam."

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu, shemeji. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Jamani, ningejibu nini kingine?

"Umekaa huko muda gani?" akauliza mke wangu.

Nikaitazama simu. "Dakika 47."

"Kati ya saa sita."

"Ndiyo."

"Na haja ndogo?"

"Mwambie kaka yako alete ngazi, tafadhali. Upesi."

Shemeji akaileta, na kabla sijashuka akahakikisha nimesikia kwamba huo ni mkopo mpya, ule wa kwanza umefungwa. Fundi aliyekuja kuziba lile tundu alilitazama kwa chini, akanitazama mimi, akauliza kama ni mwizi. Nikamwambia ni utafiti. Akaziba bila kuuliza tena, ila kiraka ni cheupe zaidi ya dari nyingine, na wageni wakikaa sebuleni macho yao huenda hapohapo.

Sura ya 11 nimeiandika upya. Msumari analala darini kwa dakika 47, anaumwa mgongo, anaanguka mguu mmoja, mlinzi wa Wafinyanzi anaukumbatia. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema hii sasa hakuna atakayeiamini.

Na Mzee Kope nimemwacha auze mishumaa yake kwa amani. Bosi wa magenge yote mawili sasa ni mtu mwingine kabisa, simwambii yeyote, nimemficha wiki tano nzima. Juzi nikampa mke wangu sura ya 26. Akasoma mpaka mwisho, akaweka mkono kifuani, akafumbua macho, akasema, "Mungu wangu! Yeye? Sikutegemea hata kidogo!"

Nikautazama ule mkono. Nikautazama kwa muda mrefu.