Alama Nne Kati ya Tano

Kila msimu wa tathmini unapowadia na nikapewa fomu ya kumpima mwenzangu, huweka alama ya 4 kati ya 5 kwenye vipengele vyote, kisha kwenye nafasi ya maoni naandika kwamba ni mchapakazi na hushirikiana vyema na wenzake. Ukweli ni kwamba mwenzangu huyo huchelewesha takwimu kila mwisho wa mwezi, na mimi ndiye ninayekesha nikizikamilisha. Siyaandiki hayo kwa sababu alama zile huingia katika hesabu ya bonasi yake, na yeye naye anayo fomu yenye jina langu.

Wakuu wa kazi huuita huu unafiki. Kwa maoni yangu, wafanyakazi hatuchukii kupimwa na wenzetu, maana ndio wanaotuona tukihangaika, ilhali bosi huletewa kazi iliyokwisha bila kujua aliyeimaliza ni nani. Tunachokichukia ni maoni hayo kugeuzwa kuwa fedha na vyeo. Microsoft iliwahi kuwapanga wafanyakazi wake kwa madaraja, hivyo kwamba hata katika timu iliyofanya vizuri ilibidi baadhi wawekwe chini, hadi ilipouacha utaratibu huo mwaka 2013. Na pale ambapo kupanda kwa mwenzako ni kushuka kwako, nani atamsifu mwenzake kwa moyo mkunjufu?

Isitoshe, alama zenyewe hazina uzito tunaozipa. Utafiti wa Scullen, Mount na Goff, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya tofauti za alama walizopewa mameneja ilitokana na tabia ya mpimaji mwenyewe.

Usiri nao ni wa jina tu. Niliwahi kupokea maoni yasiyo na jina yaliyorudia neno "aidha" mara tatu katika sentensi mbili, na katika timu yetu ya watu watano anayeandika hivyo ni mmoja. Alisema kweli, kwani mimi huwakatiza wenzangu vikaoni, lakini wiki nzima nilimwaza yeye badala ya kosa langu.

Ningependa maoni yamfikie mhusika peke yake, bila alama. Mwezi uliopita nilimweleza yule mwenzangu, tukiwa wawili tu, jinsi ninavyokesha. Takwimu zikafika siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye fomu nimempa 4, kama kawaida.