Kadi ya Maktaba na Mambo ya Mdhamini

"Gemu uliloomba limefika. Litakusubiri kwa siku 7." Ujumbe mfupi wa simu kutoka maktaba ya umma hapa Ohio, na ndio ulionifanya nikae niandike. Gemu jipya la PlayStation dukani ni dola 70. Maktaba imelinunua, imelibandika namba mgongoni kama kitabu, na inaliazimisha bure kwa wiki nzima. Anayelichukua haulizwi litamsaidia nini kwenye mtihani. Hapeleki barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anapitisha kadi, mashine inalia, anaondoka zake.

Ya nyumbani Tanzania sina haja ya kuyasimulia, mnayajua kuliko mimi niliyeyaacha. Fomu, picha mbili za pasipoti, ada, mdhamini mwenye kazi inayoeleweka, mhuri, njoo kesho. Na kitabu chenyewe ukikipata, wakati mwingine unaambiwa ni cha kusomea humu humu ndani.

Najua watakaoanza: "Haya, ameshafika Marekani, sasa kila cha kwetu kinanuka." Hapana, ndugu zangu. Marekani ina mengi ya kukera na mengine nitayataja hapa hapa. Ila kwenye hili moja, la nani anaaminiwa na mali ya umma, naona tunajidhulumu wenyewe. Na kinachoniuma ni kwamba kuaminiana tunakujua vizuri sana.

Tuanze na kadi inavyopatikana, maana wageni wengi huku hawaichukui kwa kudhani ni ya raia tu. Unakwenda na kitambulisho chenye picha. Kama anwani iliyoandikwa ni ya pale unapoishi leo, basi, dakika kumi umemaliza. Kama siyo, ongeza bili ya umeme, mkataba wa pango au barua ya benki yenye jina lako. Habari za viza haziulizwi. Mkwamo wa kawaida ni wa mtu anayekaa kwa shemeji na hana bili hata moja kwa jina lake. Maktaba nyingi humkubalia bahasha yoyote iliyopita posta ikiwa na jina lake na anwani hiyo, kwa hiyo amwombe mtu amtumie barua. Mtoto hutiwa saini na mzazi. Tena Ohio ina taasisi 251 za maktaba za umma, na mkazi wa jimbo anaruhusiwa kuchukua kadi ya yoyote kati yake. Aliyeko Columbus anaweza kuwa na kadi ya Cleveland na ya Cincinnati pia, akaziweka zote tatu kwenye Libby, programu ya simu ya kuazimia vitabu vya maktaba, akaangalia kitabu cha kusikiliza kina foleni fupi wapi.

Foleni hizo zina sababu yake. Kitabu cha kielektroniki maktaba haikimiliki, inakikodi kwa mchapishaji, mara nyingi kwa miaka 2, na nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kitabu kinachovuma unaweza kukingoja miezi. Diski ni jambo jingine. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inasema aliyenunua nakala halali anaweza kuiuza au kuiazimisha bila kumwomba mtengenezaji ruhusa, msimamo ambao mahakama yao ya juu kabisa iliuweka tangu 1908. Kwa hiyo tamthilia iliyotawanyika kwenye huduma tatu za kulipia kila mwezi unaipata nzima kwenye boksi la diski, rafu moja, bila senti. Nawashangaa vijana wa Kimarekani wanaolalamika kwamba burudani imekuwa ghali ilhali jengo hilo liko mtaa wa pili.

Vitabu kwa kawaida wiki 3, filamu wiki 1, na muda hujiongeza wenyewe kama hakuna mwingine anayekisubiri. Faini za kuchelewesha zimefutwa sehemu nyingi: Columbus 2017, Chicago 2019, Boston na New York 2021. Sababu waliyoitoa ni kwamba faini zilikuwa zinamfukuza maskini, na kuzidai kunakula muda wa wafanyakazi. Lakini msidanganyike kwamba ni shamba la bibi. Ukikaa nacho kupita kiasi kitabu kinahesabiwa kimepotea, unaandikiwa bei yake, na kadi inafungwa hadi ukirudishe au ukilipe. Kifaa cha intaneti, maana nacho huazimishwa, kikichelewa wanakizima kwa mbali, kinabaki plastiki mkononi.

Na mdhamini je? Yupo. Kila maktaba ya hapa ina bodi ya wadhamini, kwenye maktaba za wilaya huwa watu 7, wasiolipwa mshahara, wanaokutana hadharani na mwananchi anaingia kusikiliza. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia tangu mwanzo, na ningependa mtu aikate nimsikie. Huku mdhamini amewekwa upande wa maktaba, awajibike kwa msomaji. Kwetu amewekwa upande wa msomaji, awajibike kwa maktaba. Neno moja, na ukiligeuza tu, kijana wa Mbagala asiye na mjomba mwenye ajira anabaki nje ya mlango.

Hapa ndipo naambiwa, "Wenzako ni matajiri." Sawa, tuhesabu. Maktaba nyingi za hapa huishi kwa fungu la jimbo na kwa kodi ya majengo ambayo wakazi wenyewe huipigia kura, ndiyo au hapana, kwenye karatasi ile ile yenye majina ya wagombea. Kodi hiyo hupimwa kwa mill: dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa. Ohio thamani inayotozwa ni asilimia 35 ya bei ya nyumba sokoni. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa 70,000, hivyo mill 1 ni dola 70 kwa mwaka. Bei ya lile gemu. Mwenye nyumba anayeazima magemu mawili ameshafaidi, na watu hupita mlango kwa mlango kuwaeleza majirani hesabu hiyo kabla ya siku ya kura. Wakati mwingine wanashindwa, na mwaka huo saa za kufungua zinapunguzwa. Siasa ya namna hii, ambayo mtu anapigia kura jengo analoliona kwa macho yake, naitamani kwetu kuliko mikutano yote ya hadhara na fulana zake.

Hata Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyejenga majengo 1,679 ya maktaba nchini humu, hakugawa kama peremende. Mji ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa matunzo. Jengo la dola 10,000, mji utoe 1,000 kila mwaka. Wasioahidi hawakupata. Nasi tunapokea majengo ya wafadhili, tunakata utepe, kisha hakuna fungu hata la balbu.

Halafu msinifanye niamini kwamba hatujui kutenga asilimia. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2, na jambo hilo limo kwenye sheria. Asilimia 1 ya vitabu inashindikana vipi? Nchi yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, ikafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1967, wakati fedha hazikuwepo kabisa. Najivunia hilo na nawaambia Wamarekani kila wakinipa nafasi. Kiburi hicho ndicho kinachonifanya nikasirike zaidi.

Sasa hoja kubwa ya wapinzani wangu, ambayo husemwa na Waswahili wenyewe juu ya Waswahili: "Kwetu watu hawarudishi. Ukiwapa bila mdhamini, rafu zitabaki tupu." Uongo. Nendeni uswahilini popote pwani mkaulize masufuria ya shughuli yanakaa wapi. Masufuria ya pilau ya kulisha mtaa mzima, turubai, majamvi, viti vya plastiki, sahani kwa dazeni. Ni mali ya msikiti, ya kikundi cha akina mama, ya chama cha kuzikana. Leo yako msibani, Jumamosi yako harusini, Jumatatu yameoshwa na kurudi. Mama mmoja ana daftari. Sahani zilizotoka 120, zikirudi 117, mwenye shughuli analipa tatu na hakuna kelele. Hajawahi kuombwa barua yenye mhuri. Hiyo ni maktaba, jamani! Ina orodha ya mali, ina tarehe ya kurudisha, ina malipo ya kilichopotea, na haina faini ya kuchelewesha. Columbus wamefika hapo 2017. Mabibi zetu walikuwa hapo zamani.

Na wale waliokua enzi za maduka ya kukodi kanda za video watakumbuka. Mwenye duka alikuwa anakukodisha kanda usiku mmoja kwa sababu anajua kwenu wapi.

Ukisema mji umekua na watu hawajuani tena, basi angalia simu yako. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. M-Pawa ilianza 2014, M-Shwari ya Kenya 2012, na zote zilikuja na jambo moja: mtu anakopa fedha taslimu usiku wa manane bila mdhamini, kiwango kinaanza kidogo na kupanda kadiri anavyorudisha. Fedha, ambayo ikishaliwa imeliwa! Kitabu cha shilingi 10,000 kilichopigwa mhuri kila ukurasa wa kumi hakiuziki popote, lakini ndicho kinachotakiwa kudhaminiwa. Tufanye kama mikopo ya simu: mwanachama mpya aanze na kitabu kimoja kwa wiki 2, akirudisha vitatu, apewe viwili kwa mara moja, na kuendelea.

Wengine wanakubali vitabu ila wanakataa starehe. "Maktaba ni ya kusomea, siyo ya magemu na filamu." Vijana wanalipa kwa mechi kwenye vibanda vya PS na wanajazana vibandaumiza kuangalia filamu iliyotafsiriwa kwa sauti na mtu mmoja. Starehe ipo tayari, inalipiwa. Kuipa kiti kwenye jengo lenye vitabu ni kumleta kijana karibu na rafu. Tumefundisha vizazi kwamba kitabu ni adhabu inayoisha siku ya mtihani wa mwisho, halafu tunalalamika watu wazima hawasomi.

Wala sijasema Marekani ni pepo. Machi 2025 rais wao alitia saini amri ya kuipunguza hadi chini kabisa taasisi ya shirikisho inayosaidia maktaba, na Mississippi ikasimamisha huduma ya Hoopla ya kuazima filamu na vitabu vya kusikiliza. Wapo wazazi wanaoingia na fomu kutaka vitabu viondolewe. Na kadi hii ninayoisifu ilikuwa na ubaguzi ndani yake. Tarehe 21 Agosti 1939 huko Alexandria, Virginia, vijana watano Weusi waliingia mmoja mmoja katika maktaba ya mji, wakaomba kadi, wakanyimwa, kila mmoja akachukua kitabu akakaa meza yake kimya kusoma. Polisi wakawakamata. Aliyewapanga alikuwa wakili wa miaka 26, Samuel Wilbert Tucker. Mwaka uliofuata mji ukajenga maktaba ndogo ya Weusi pembeni na kumtaka akubali kadi ya huko. Aliikataa, kwa maandishi. Alitaka ya ile ile. Kwa hiyo anayeniambia huku walipewa tu, asome habari za Alexandria.

Mwisho, kwa wenzangu tunaojaza maboksi ya meli kila Desemba: acheni kupeleka ensaiklopidia zilizotupwa na shule za huku na vitabu vya historia ya majimbo 50. Vinakaa kwenye kona na kula vumbi, kwa sababu hakuna mtoto wa Korogwe anayevihitaji. Nauli ya boksi hilo ipelekeni kama fedha, vinunuliwe vitabu vya Kiswahili Dar, kwa wachapishaji wenyewe. Vitabu 100 vinatosha kabati moja la ofisi ya serikali ya mtaa lenye kufuli. Vya watoto viwe nakala 3 za kila kimoja, ndivyo vinavyochanika kwanza. Vivalishwe nailoni ngumu kabla havijatoka hata siku moja, mgongo ubandikwe mkanda wa kitambaa, kwa sababu gundi ya majalada mepesi huachia kwenye joto. Daftari liwe na safu tano: jina, simu, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Na daftari hilo akabidhiwe yule mama wa masufuria.