Ruzuku Zipo, Risiti ya Boda Ndiyo Shida

Ukoo mzima kule Tanga unaamini kwamba mimi ndiye ninayeshika hela za Wamarekani. Kosa langu mwenyewe. Nilimwambia shangazi, "Nasimamia ruzuku za utafiti za serikali kuu, hapa chuoni Marekani." Yeye akadaka neno moja tu: serikali. Kesho yake nimeshaingizwa kwenye magrupu matatu ya harusi, na moja limeniandikia ahadi ya milioni mbili bila hata kuniuliza hali.

Hela naziona, sikatai. Naziona kama aliyefunga anavyoyaona maandazi.

Kwanza kuzipata. NIH, wale wa utafiti wa afya, maombi mapya ya ruzuku yao ya R01 wanayapokea 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba, mwisho saa kumi na moja jioni. Tarehe zinajulikana, hazingoji mwezi kuandama. Na bado kila msimu profesa wangu anashtuka: "Kumbe ni leo?"

Safari iliyopita kaniletea andiko saa kumi na dakika arobaini. Nafungua, mpango wa utafiti kurasa 13. Mwisho ni 12. Akapunguza herufi. Profesa, herufi haishuki chini ya pointi 11. Akavuta pambizo. Pambizo mwisho nusu inchi. Akanitazama kama mimi ndiye niliyetunga. Basi tukakaa, yeye na digrii zake, mimi na njaa yangu, tunafuta neno mojamoja.

"Hii 'hata hivyo' ina kazi gani?"

"Inaonyesha ukinzani."

"Ukinzani tutauonyesha mwakani."

Likaingia zikiwa zimebaki dakika tatu. Mkono ulinitetemeka mpaka usiku.

Ukizipata sasa, kuzitumia. Profesa anatafiti malaria, kwa hiyo anakwenda Tanzania. Kuna sheria ya Fly America: serikali ikikulipia tiketi, panda ndege ya Kimarekani, ukiacha vighairi vichache, na eti ya Waarabu ni rahisi zaidi si kisingizio. Lakini kampuni ya Kimarekani ikiwa na ubia na hao Waarabu, ikakukatia tiketi yenye namba yake, ruksa! Ndege ileile ya Mwarabu, kiti kilekile, kuku yuleyule. Namba tu ndiyo imebadilika, na pengine bei imepanda. Nimewaeleza watu wa nyumbani mara nne, wanadhani nawaficha kitu.

Akarudi na bahasha ya risiti. Ya kwanza, kipande cha daftari la shule, kina alama ya kidole chenye oili: "Boda 5,000 asante sana." Mhasibu wetu, dada mpole kabisa, akaniuliza huyu Bwana Boda amesajiliwa kwenye mfumo wa wazabuni? Nikaandika ukurasa mzima wa maelezo kuhusu usafiri wa pikipiki. Ukurasa mzima, kwa hela isiyofika hata dola tatu.

Ya pili ya hoteli. Chipsi kuku 1, maji 1, Safari 2. Dada kaipitisha kwenye fungu la usafiri. Safari mbili, kweli, si mtu alisafiri? Kumbe Safari ni bia ya kwetu, na hela ya serikali hailipi pombe hata tone. Ningenyamaza nani angejua? Lakini mkaguzi siku akija na Mswahili mmoja tu, nimekwisha. Nikaenda kuungama bia za mtu mwingine. Profesa kanuna wiki nzima.

Mimi mwenyewe? Kalamu hii ninayoandikia nimenunua. Vitu vidogovidogo vya ofisini kwa kawaida haviendi kwenye ruzuku, vinahesabiwa gharama za uendeshaji, na fungu hilo la idara liliisha Machi.

Jumamosi shangazi kapiga. "Baba, ile ahadi vipi?"

Nikamwomba mchanganuo wa bajeti. Akautuma. Nikausoma, mazoea yana tabu: ukumbi, mapambo, MC, vinywaji...

"Shangazi, hiki kipengele cha vinywaji, ni soda au..."

Kimya. Nikasikia anavuta pumzi.

"Unatoa au hutoi?"

"Natoa, shangazi."

"Tuma kabla ya saa kumi na moja, mweka hazina anafunga daftari."

"Saa kumi na moja ya huku au ya huko?"

"Ya kwenye sufuria!"