Fundi wa jokofu aandikwe jina

Wiki mbili zilizopita nilirudi kukitembelea kituo cha utafiti wa fizikia ya kwanta, ile ya tabia za vitu vidogo kabisa, nilikosomea shahada yangu ya uzamivu, hapa Uholanzi, nikakuta ukumbi wa kuingilia umebandikwa ubao mpya wa picha. Juu kabisa wamo maprofesa, chini yao watafiti, kisha wanafunzi wa uzamivu, kila mmoja na picha yake, jina lake na mstari mmoja unaoeleza anachokichunguza. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa "Wafanyakazi", na hapo pana orodha ya majina tisa yasiyo na picha wala maelezo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Jina la nne lilikuwa la fundi ambaye bila yeye nisingekuwa na shahada yoyote, na mgeni anayelisoma hana namna ya kujua kwamba huyo ndiye aliyeitunza mitambo ya baridi ya jengo zima kwa miaka 23.

Nimeudhika, na ninaandika nikiwa bado nimeudhika. Watafiti huku, wafanyakazi kule, kana kwamba watafiti hawafanyi kazi na wafanyakazi hawatafiti chochote. Labda katika fani nyingine mgawanyo huo una maana. Katika maabara za kwanta kama yetu hauna, kwa sababu huko kila kitu huanzia kwenye baridi, na baridi ni kazi ya fundi.

Nieleze lililonipata. Mwezi Februari wa mwaka wangu wa tatu jokofu letu lilikataa kushuka. Mnajua majokofu haya yalivyo: sahani za shaba zilizopakwa dhahabu, zimening'inia moja chini ya nyingine kama thurea ya msikitini, na kila ngazi ni baridi kuliko iliyo juu yake, hadi ile ya mwisho inayopaswa kufika takriban sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Letu lilifika nyuzi nne likagoma. Wiki tatu nilizimaliza nikibadilisha programu na kusoma upya vipimo, nikiamini kosa liko mahali penye akili nyingi. Fundi alikuja jioni moja baada ya wengine kuondoka, akaweka kiti, akazima redio yake, akasikiliza pampu kwa dakika kadhaa. Kisha akasema kwamba ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa inayolikinga jokofu na joto la nje, halishiki.

Tuliliacha jokofu lipate joto kwa siku mbili. Akachukua mtungi mdogo wa heliamu wenye mrija mwembamba, akaanza kupuliza gesi kiungo kimoja baada ya kingine, taratibu mno, huku mimi nikitazama namba kwenye kipimo cha mvujo. Tulianzia juu, kwa kuwa heliamu ni nyepesi na hupanda, na ukianzia chini itakudanganya. Saa mbili zilipita namba haijatikisika. Alipofika kwenye kiungo cha nyuma, kile ambacho mtu hawezi kukiona bila kulala chali sakafuni, namba ikaruka mara mia. Hakushangilia. Alifungua bolti, akakwangua waya wa zamani wa indiamu, metali laini ya kuzibia viungo, akasafisha mfereji wake kwa spiriti hadi ukang'aa, akalaza waya mpya uliokuwa laini kiasi cha kuachwa alama na ukucha, akazipishanisha ncha zake mbili zikakanyagana. Alikaza bolti zile zinazotazamana, robo mzunguko kila moja, akasubiri saa nzima indiamu itulie, akakaza tena. Nilimwambia kwamba kwetu Pangani mjomba wangu alikuwa akitia majahazi kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, kwa subira ile ile, naye akaacha spana akataka kujua pamba huloweshwa mafuta gani. Ya nazi, nikamjibu. Akacheka akasema afadhali nazi, indiamu ni ghali.

Jokofu lilishuka. Vipimo vilivyonipa shahada vilichukuliwa ndani ya miezi minne iliyofuata. Makala ilipochapishwa ilikuwa na majina saba, na jina lake halikuwamo. Lilikuwa katika aya ya shukrani, ambayo huchapwa kwa herufi ndogo mwishoni, "kwa msaada wa kiufundi". Mstari ule niliuandika mimi kwa mkono wangu, wala hakuna aliyenilazimisha, nami ninaujutia hadi leo.

Wapo watakaosema huo ndio utaratibu na umekuwapo siku zote. Ni kweli umekuwapo siku zote, na mahali pa kuutazama ni hapa hapa, katika mji wa Leiden. Tarehe 10 Julai 1908 mwanafizikia Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligeuza heliamu kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza duniani, katika nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Kazi ya siku ile ilianza alfajiri. Ilihitaji lita 75 za hewa ya kimiminika iliyokuwa imeandaliwa tangu jana yake, ikahitaji lita 20 za haidrojeni ya kimiminika, na kwa jasho lote hilo ikapatikana heliamu ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa, takriban mililita 60. Hata ilipopatikana hawakuiona mara moja. Mwenzao wa kemia aliyekuja kutazama ndiye aliyeshauri chombo kimulikwe kwa chini, uso wa kimiminika ukajitokeza. Mitambo ile iliendeshwa na Gerrit Jan Flim, mkuu wa mafundi. Vyombo vya kioo, ambavyo ufa mmoja tu ungeharibu kazi ya miaka, vilitoka kwenye karakana ya mpuliza vioo Kesselring. Ni lazima nikiri kwamba Onnes aliwashukuru wote wawili kwa majina yao, na kwamba mwaka 1901 alikwisha kuanzisha chama cha kufundisha vijana utengenezaji wa vyombo vya maabara, ambacho shule yake ingalipo Leiden hata sasa. Alijua thamani ya fundi kuliko wakuu wengi wa vituo ninaowafahamu leo.

Lakini tazameni yaliyotokea tarehe 8 Aprili 1911. Siku hiyo zebaki iliyopozwa kwa heliamu ilipoteza ukinzani wake wa umeme, na huo ndio mwanzo wa metali zisizo na ukinzani, ambazo leo ndizo zinazotengenezewa kyubiti, vijenzi vya msingi vya kompyuta za kwanta, katika vituo vingi. Flim alikuwa kwenye mitambo ya baridi. Cornelis Dorsman alikuwa akisaidia upande wa vipimo vya joto. Gilles Holst alikuwa katika chumba kingine, mbali na mtikisiko wa pampu, macho yake kwenye galvanometa, kifaa cha kupimia mkondo mdogo wa umeme, naye ndiye aliyekuwa akiupima ukinzani wenyewe. Ripoti ilipotoka ilikuwa na mwandishi mmoja, Onnes, na Dorsman na Holst wakashukuriwa mwishoni. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1913 akaipokea yeye. Holst baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya fizikia ya kampuni ya Philips kule Eindhoven, kwa hiyo hakupotea, lakini ni wangapi kati yetu tuliofundishwa kuhusu ugunduzi ule tuliwahi kusikia jina la Holst darasani? Jina la Flim je?

Hoja ninayoiheshimu kidogo ni ile inayosema kwamba mwandishi wa makala lazima aweze kuitetea, na kwamba kukaza bolti si sawa na kutetea hoja ya kisayansi. Nakubali kwamba mwandishi lazima aweze kutetea. Sasa naomba tujiulize kinachotetewa ni nini. Mwezi Oktoba 2025 Nobeli ya fizikia walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio waliyoyafanya Berkeley, Marekani, mwaka 1984 na 1985. Walionyesha kwamba saketi ya umeme, kitu kikubwa kiasi cha kushikika mkononi, huweza kupenya kizuizi kwa njia ya kwanta, yaani kupita ndani yake, badala ya kukiruka kwa nguvu ya joto. Ushahidi wao ulisimama juu ya jambo moja: walipoendelea kupoza, kasi ya kupenya iliacha kupungua, ikabaki pale pale, ishara kwamba si joto lililokuwa likiisukuma. Mtu mwenye shaka angeuliza papo hapo kama saketi ilikuwa baridi kweli, au ni kelele za umeme zilizoteremka na nyaya kutoka chumbani zikaipasha joto bila wao kujua. Ili kumjibu ilibidi watengeneze chujio zao wenyewe za kuzuia kelele hizo, mirija ya metali iliyoshindiliwa unga wa shaba huku waya ukipita katikati umejikunja. Ondoa unga ule wa shaba, na matokeo yale hayana wa kuyaamini. Kazi ile ni ya karakana, ya mikono na vumbi, na ndiyo iliyoibeba hoja nzima. Martinis alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wakati ule, Devoret alikuwa ndiyo kwanza amemaliza uzamivu wake, na wote wawili majina yao yalikuwa kwenye makala, ndiyo maana miaka 40 baadaye walipatikana wa kupewa tuzo.

Katika makala yangu ya majina saba, mtu angeuliza kama ombwe lilikuwa zima na kama kipimajoto cha sahani ya chini kilisema kweli, sita kati yetu wangenyamaza na wa saba, ambaye ni mimi, ningekwenda kumuuliza fundi. Huo ndio utetezi wenyewe, naye ndiye aliyekuwa nao.

Kuhusu mikataba ya mwaka mmoja mmoja wanayopewa mafundi vijana, nitasema tu kwamba mtu hawezi kujifunza tabia za jokofu kwa mwaka mmoja. Kuhusu katibu wa kituo, aliyefuatilia karatasi zangu za viza kwa miezi mitano hadi nikaruhusiwa kuingia nchini, naye pia yumo katika orodha ile isiyo na picha. Waingereza angalau walianza mwaka 2017 kuvitaka vyuo vikuu viweke ahadi ya maandishi ya kuwatambua mafundi wao. Ahadi si utekelezaji, lakini ni zaidi ya ubao.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna kisingizio cha kutolielewa hili. Fundi na kufundisha, kwetu, ni shina moja la neno. Na katika shule niliyosoma nyumbani nilikuwa nikiona vyombo vya fizikia vimefungiwa kabatini mwaka hadi mwaka, vikiwa vizima, kwa sababu mwalimu alikuwapo lakini fundi wa maabara hakuwapo.

Nimemwandikia mkurugenzi wa kituo kumwomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba ubao ule upangwe upya kwa alfabeti, picha za wote, na mstari mmoja wa kazi ya kila mtu. La pili ni kwamba kila makala inayotokana na majokofu yale ipite mezani kwa fundi kabla ya kutumwa, aulizwe kama anataka kuwa mwandishi, na jibu lake lifuatwe. Nimemwandikia pia kuhusu daftari. Fundi wangu ana daftari lenye jalada la bluu alimoandika kwa mkono kila mvujo alioutafuta kwa miaka 23: tarehe, jokofu, kiungo, sababu, na jinsi alivyouziba. Alinionyesha ukurasa wa Februari ile. Anastaafu mwezi Julai, na hadi siku niliyomtembelea hakuna mtu aliyekuwa ameliulizia.