Mbona Dar hatuletewi A380? Hesabu tu hiyo

Kuna posti imesema kwamba kwa Afrika shirika la ndege la Emirates la Dubai wanazipeleka A380, yale madege makubwa ya ghorofa mbili, Johannesburg, Cairo, Casablanca na Mauritius, basi watu wameshaanza ooh mbona Dar na Nairobi tunaletewa Boeing 777 ambayo ni ndogo kuliko hiyo, tunadharauliwa. Jamani hamna dharau hapo. Lile dude lina injini nne na mabawa karibu mita 80 ncha hadi ncha, we utalipaki wapi, afu zile zenye bizinesi na ikonomi tu zinabeba watu 615, kila siku unawatoa wapi? Bora ulipeleke Heathrow, uwanja wa ndege wa London, ambako nafasi ya kutua ni dhahabu, ukiipata unashusha watu kibao kwa mkupuo mmoja. Mi nlishapanda moja Dubai kwenda London, pale getini wenye hela wana njia yao inaenda moja kwa moja ghorofa ya juu, wala hampishani, sisi wa chini tukabanana na mabegi yetu kama kawa. Na umbali sio ishu kihivyo, 2019 si walikuwa wanalipeleka toka Dubai mpaka Muscat, Oman, kilometa kama 340, hujamaliza juisi mshatua 😂